MIHOGO YA SIKU MOJA

Mara nyingi mimi naandika hapa habari za mpira: namna timu ya mwaka wa tano ilivyopiga timu ya mwaka wa sita, na wa sita wanakasirika juma nzima. Leo sitaandika mpira. Nitaandika juu ya kosa langu mwenyewe, na juu ya somo la biolojia lililonifungua macho kujua kosa lile lilikuwa la namna gani. Kama mutaniona vibaya kisha kusoma, ni haki yenu. Lakini ninaomba musome mpaka mwisho.

Ilikuwa wakati wa likizo kubwa, kiangazi, nilipokuwa nimemaliza mwaka wa ine. Kwetu iko milimani, mbali na Bukavu. Mwaka ule mihogo mitamu ilikuwa imekwisha mashambani, ilibaki paka ile michungu. Ninyi wa mjini pengine munaona mihogo yote kuwa moja, lakini hapana. Ile mitamu unaing'oa, unaichemsha, unaikula saa ileile. Ile michungu inavumilia udongo mubaya, nyama wa pori hawaipendi, hata mwizi anaogopa kuila mbichi. Juu ya ile wazee wetu wanaipanda mingi. Lakini ile haitaki haraka. Mama anaimenya, anaitia ndani ya maji siku tatu mpaka inalainika na kunuka, kisha anaianika juani mpaka inakauka kabisa, kisha anaitwanga, njo anapika bugali.

Siku moja mama aliitwa kwenda kwa dada yake aliyekuwa mugonjwa kisha kuzaa. Mbele ya kwenda akanionyesha beseni kubwa nyuma ya nyumba.

– Mihogo ile nimeitia mu maji leo asubui. Usiitoshe mbele ya siku tatu kuisha, unasikia? Unga iko mu kitunga, itawafikisha.

Nikasema nimesikia.

Unga haukutufikisha. Watoto wa baba mudogo walifika jioni ile bila kutangaza, watatu, wenye njaa ya safari. Wakala, wakalala, asubui wakala tena wakaenda. Mangaribi ya siku ya pili kitunga kilikuwa kitupu. Koko yetu, mama mzazi wa baba, akaniambia: «Enda kwa jirani, ulombe unga kibakuli kimoja. Mama yako akirudi atarudisha.» Ni jambo la kila siku kwetu, hakuna haya ndani yake. Lakini mimi niliona haya. Mimi mutu wa shule, mwenye viatu, wasichana wa jirani wote wananijua, nitembee na kibakuli mukononi kama mutoto? Nikakataa. Nikaenda kwenye beseni, nikatosha mihogo iliyokuwa imelala usiku mumoja tu, nikaikata, nikaichemsha sana ndani ya chungu. Tukaila na sombe. Samaki haikuwako, maharagi hayakuwako.

Koko alionja kipande, akatema.

– Hii ingali muchungu. Haijamaliza siku zake.

Nikamujibu kwa sauti ya mutu mwenye elimu: «Koko, usiogope. Moto unaua kila sumu. Tulisoma ku masomo.» Na kweli tulisoma kwamba maji ya kuchemsha yanakufa vijidudu. Koko hakubishana nami. Aliweka kipande chini, akalala bila kula. Mimi nilikula kidogo juu ya uchungu. Mudogo wangu wa mwisho, binti wa miaka mitano, alilia hataki, nikamwambia amalize sahani, mutoto mwema hatupi chakula. Akamaliza.

Kisha masaa mawili akaja penye nilikuwa nimekaa, anashika ukuta.

– Yaya, kichwa inazunguka.

Akatapika. Miguu yake ikawa kama ya kitambaa. Na mimi pia kichwa kilianza kuniuma, lakini yake ilizidi. Alianza kupumua haraka haraka, kifua kinapanda na kushuka kama mutu aliyekimbia toka mutoni mpaka juu ya kilima. Nilifungua mulango na dirisha hewa iingie. Hewa ya milimani usiku, munajua, ni nzuri sana. Haikusaidia hata kidogo. Alikuwa na hewa yote ya dunia, na alikuwa kama mutu anayezama majini. Niliangalia midomo yake mbele ya taa, nikidhani itakuwa imegeuka myeusi kama ya mutu anayekosa pumzi. Haikuwa myeusi. Neno lile lilibaki ndani ya kichwa changu miezi mingi.

Nilimubeba mugongoni mpaka kituo cha afya, mwendo wa saa nzima, mudogo wangu mwingine wa miaka kumi akitangulia na taa. Mganga wa zamu akamulaza, akamupima, akaniuliza: «Amekula nini?» Nikasema: «Bugali na sombe.» Nilisema vile, ndugu zangu. Mutoto anakufa mbele yangu na mimi ninalinda jina langu. Ni mudogo wangu mwenye taa aliyesema: «Hapana. Tulikula mihogo ya siku moja.» Mganga aliniangalia tu. Akafanya haraka, akatia mupira wa dawa na sukari mukononi mwa mutoto, akakaa karibu naye usiku mzima. Chupa ya oksijeni haikuwako pale. Karibu na jogoo wa pili mutoto akafungua macho, akalomba maji. Mganga akaniambia neno moja: «Siku ingine, sema kweli mara ya kwanza.»

Alipona, Mungu asifiwe. Mama aliporudi nilimwambia mutoto aliugua tumbo.

Basi tukarudi shuleni mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi profesere wetu wa biolojia akaandika juu ya tablo: KUPUMUA KWA SELI. Tulicheka kidogo. Seli iko na pua? Profesere akasema: «Ninyi munafikiri kupumua ni kazi ya mapafu. Mapafu ni mulango tu. Kupumua kwenyewe kunafanyika ndani, katika kila seli ya mwili wenu, usiku na mchana.» Niliposikia vile nikaketi sawasawa.

Nitaeleza hapa namna nilivyoelewa, na kama nimekosea wa mwaka wa sita watanisahihisha, wanapenda kufanya hivyo.

Chakula chetu kikubwa, mihogo, muhindi, muchele, ndani ya tumbo kinakuwa sukari ndogo inayoitwa glukozi. Damu inaipeleka kwa seli. Damu ileile inapeleka oksijeni kutoka mapafuni. Ndani ya seli vitu viwili hivi vinakutana, na mwisho wa hesabu ni huu:

C6H12O6 + 6 O2 → 6 CO2 + 6 H2O + nguvu

Ni hesabu moja na ya moto unaokula sukari. Mufaransa Lavoisier, pamoja na mwenzake Laplace, aliliona jambo hili zamani, katika baridi ya 1782 mpaka 1783. Waliweka nyama mudogo ndani ya chombo chenye barafu, wakapima barafu iliyoyeyushwa na joto la mwili wake, wakalinganisha na makala yanayowaka. Akasema kupumua ni kuwaka polepole. Ni kweli, lakini hakujua inafanyika wapi, wala namna gani.

Sasa, tazama mama mbele ya babula. Akitia makala yote mara moja na kupepea, moto unapanda, chungu kinaungua, na joto mingi linakwenda bure kwenye dari. Seli haifanyi vile. Kama seli ingechoma glukozi mara moja, ingekufa kwa moto wake yenyewe. Inaichoma kidogo kidogo, kwa hatua nyingi, na kila hatua inatia nguvu kidogo ndani ya kitu kinachoitwa ATP. ATP ni kama franka mukononi: musuli ikitaka kujikunja inalipa ATP, mushipa wa fahamu ukitaka kupeleka habari unalipa ATP. Na hakuna anayeweza kuweka akiba kubwa. ATP iliyo ndani ya musuli ya mutu anayekimbia kwa nguvu zote ingekwisha kwa sekunde chache tu, kama haingetengenezwa tena na tena. Kumbukeni sekunde hizi, nitazirudilia.

Hatua ya kwanza inafanyika ndani ya maji ya seli. Glukozi inakatwa vipande viwili, seli inapata faida ya ATP 2, na oksijeni haihitajiki. Viumbe vingine vinaishia hapo. Chachu ndani ya ndizi zilizokamuliwa, ikikosa hewa, inapata ATP zake 2, na inageuza vipande vile kuwa pombe na gazi karboniki. Profesere alipouliza mufano wa jambo hili kwetu, sauti moja nyuma ikasema «Kasiksi!», na shule nzima inajua sauti ile ilikuwa ya nani. Profesere akasema jibu ni sawa katika biolojia, lakini katika nidhamu ya shule atalipeleka kwa prefe. Musuli zetu pia zinaweza kufanya kazi bila oksijeni kwa muda mufupi, na hazitoshi pombe, zinatosha asidi ya laktiki. Nilikumbuka usiku ule, mutoto mugongoni, mapaja yangu yanawaka juu ya kilima. Kumbe musuli zangu zilikuwa zinakopa.

Hatua ya pili inafanyika ndani ya vyumba vidogo vya seli vinavyoitwa mitokondria. Seli moja ya maini iko navyo mamia na zaidi. Seli nyekundu ya damu haina hata kimoja, yenyewe inabeba oksijeni ya wengine bila kuila, kama mupakasi mwaminifu. Ndani ya mitokondria vipande vya glukozi vinazungushwa katika muzunguko ambao Hans Krebs alieleza mwaka 1937, na alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1953. Hapo njo gazi karboniki inatoka. Ile hewa unayotosha puani sasa hivi ukisoma, ilikuwa chakula chako.

Hatua ya tatu ni ya maana kupita zote, na hapa nisikilizeni vizuri. Munakumbuka salongo ile tulipopandisha mawe ya kujengea? Tulisimama mustari kutoka barabarani mpaka juu, kila mutu anapokea jiwe kwa mwenzake na kulipeleka kwa mwingine. Wa mwisho alikuwa analipanga chini. Ndani ya mitokondria kuna mustari kama ule. Vitu vinavyopokezana si mawe, ni elektroni zilizotoka katika chakula. Kila zinapopita mukono mumoja, nguvu kidogo inatoka, na nguvu ile inasukuma chembe za idrojeni upande mumoja wa ngozi nyembamba, mpaka zinajaa kama maji nyuma ya barage. Kisha zinarudi kwa nguvu kupitia kwenye mashini ndogo inayozunguka kabisa, kama maji ya Ruzizi yanavyozungusha mashini za umeme, na mashini ile inatengeneza ATP. Mwingereza Peter Mitchell aliposema hivi mwaka 1961, wengi hawakumusadiki. Mwaka 1978 akapewa Nobel. Glukozi moja inatoa jumla ya ATP 30 au 32 hivi. Kitabu chetu cha zamani kinasema 38. Profesere alisema tuandike pembeni kwa penseli kwamba wamepima tena na hesabu imeshuka.

Na oksijeni iko wapi katika mambo haya yote? Iko mwisho wa mustari. Mufanyakazi wa mwisho anachukua elektroni, anampa oksijeni, na oksijeni inakuwa maji. Kazi yake yote ni ile: kupokea penye mwisho. Tunapumua mchana na usiku tangu kuzaliwa, kusudi kule mwisho pasikose wa kupokea.

Hapo nikanyoosha mukono. Nikauliza: «Profesere, mutu anaweza kuwa na hewa mingi, anapumua sana, na bado anakufa kwa kukosa pumzi?»

Profesere akaweka chaki chini. Akaniuliza: «Juu ya nini unauliza vile?» Nikasema nataka kujua tu.

Akasema: «Ndiyo. Kama mufanyakazi wa mwisho amefungwa mikono.» Akaandika neno: SIANIDI. Sumu hii inamushika mufanyakazi wa mwisho, inakaa mahali penye oksijeni ingekaa. Basi anayemutangulia anabaki na jiwe mukononi, na anayemutangulia yule pia, na mustari wote unasimama. Mashini haizunguki. Zile sekunde chache za ATP zinahesabika. Seli inakopa kwa njia ya asidi ya laktiki, mwili unasikia hatari, unapumua haraka zaidi na zaidi, lakini ni kazi bure: kilichokosekana si hewa, ni mukono wa kuipokea. Damu inapita kwa seli na kurudi na oksijeni yake, haikutumiwa, ingali nyekundu. Ubongo na moyo, vinavyokula nguvu mingi, vinaumia mbele.

Ingali nyekundu. Niliona midomo ya mudogo wangu mbele ya taa.

Akaendelea: «Na sianidi hii hamuhitaji kuitafuta mbali. Iko mashambani kwenu.» Ndani ya muhogo kuna kitu kinaitwa linamarini, na kando yake, katika chumba kingine, kuna anzimu ya kukipasua. Muhogo ukiwa muzima, viwili hivi havionani. Ukilala majini siku tatu, kuta za seli zinaoza, vinakutana, sianidi inazaliwa, na sehemu yake kubwa inakwenda na maji na hewa, juu yenyewe inageuka gazi hata katika joto la siku ya jua tu. Kuanika kunatosha ingine. Lakini mwenye haraka anayechemsha vipande vikubwa, anafanya nini? Moto unaharibu ile anzimu iliyokuwa inasaidia, na linamarini inabaki mingi, juu haiogopi moto wa chungu. Inaingia tumboni, na vijidudu vya matumbo vinamalizia kazi pale, ndani ya mutu.

«Moto unaua kila sumu.» Linamarini si kidudu. Haina uhai, moto ungeua nini?

Mwili unajua kujitetea kidogo. Maini yanachukua kiberiti kilicho ndani ya proteini, yanafunga sianidi nacho, na inatoka kwa mukojo. Juu ya ile sambaza na maharagi si anasa pembeni ya bugali. Lakini mutoto aliyekula mihogo na sombe tu, kiberiti chake kitatoka wapi? Na penye watu wanakula mihogo isiyomaliza siku, juma kwa juma, bila proteini, kunatokea ugonjwa wa konzo: mutoto mwenye nguvu, au mama, anaamuka asubui miguu miwili imekauka, na haitarudi. Neno lenyewe ni la lugha ya Wayaka wa Kwango, maana yake miguu iliyofungwa. Dokta Trolli aliandika juu yake mwaka 1938. Musidhani ni mambo ya mbali. Mwaka 2011 wachunguzi walichapisha habari ya konzo katika Kivu ya Kusini, Burhinyi, penye vita vilifanya watu kuwa na haraka na njaa. Dawa ya kurudisha miguu haiko. Kuzuia iko. Huko Popokabaka, tangu 2010, akina mama walifundishwa kulowesha unga wa muhogo kwa maji, kuutandaza mwembamba juani masaa 2 au kivulini masaa 5, kisha kuupika siku ileile. Njia ile ilisaidia sana.

Nilipofika nyumbani Noeli, nilimwambia mama kweli yote: kibakuli, mihogo, uongo wangu kwa mganga. Akasikiliza akichambua maharagi. Kumbe alikwisha kujua tangu siku ile alipokuta beseni imepunguka. Alikuwa anangoja niseme. Nikamueleza mitokondria, mustari, sianidi, mufanyakazi wa mwisho. Akasema:

– Mimi sikujua jina ya ile sumu. Lakini nilijua siku zake.

Nikaenda kwa koko, nikapiga magoti, nikamuomba radhi. Yeye hakuenda shule hata siku moja, na ulimi wake ulipima vizuri kuliko kaye yangu.

Ndugu zangu, sisemi elimu ni mubaya. Ni elimu iliyonijibu. Lakini elimu yangu ya usiku ule ilikuwa kama mihogo yangu: ilikuwa imelala siku moja tu, na mimi niliitosha. Basi mukienda kwenu likizo, mihogo michungu muiache imalize siku zake, muile na samaki au maharagi, na unga ukikosekana, chukueni kibakuli muende kwa jirani. Na mganga akiuliza, semeni kweli mara ya kwanza.

Mudogo wangu sasa anasoma mwaka wa kwanza. Juzi niliambiwa amewashinda wavulana katika mbio za shule yao. Mihogo anakula. Lakini nikiwa mimi njo nimepika, anauliza kwanza: «Yaya, ni ya siku ngapi?»

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, Kemia-Biolojia